Bango la Mwezi Mpevu

Msomaji, yamkini hujapata kulisikia jina la Griftu. Ni mji mdogo katika kaunti ya Wajir, magharibi ya mji wa Wajir wenyewe, kaskazini-mashariki ya Kenya. Nchi ile ni tambarare mpaka upeo wa macho. Ina vichaka vya miiba, mchanga mwingi na maji machache. Sisi wenyeji wake ni Wasomali, wafugaji wa ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo. Usiku hapana taa nyingi za kushindana na mbingu, na kwa sababu hiyo mtoto wa Griftu huujua mwezi mapema kama aijuavyo sura ya mama yake. Kama ungaliniambia nilipokuwa nikichunga mbuzi huko kwamba siku moja nitatakiwa niwaeleze watu wa ulimwengu sikukuu ya Wachina, ningalikucheka.

Walakini ndivyo ilivyokuwa. Mwaka wa 2023 nilikuwa Nairobi, nikijifunza kazi ya kuchora matangazo, na jioni nikijifunza Kichina kidogo pamoja na vijana wengine. Kichina si lugha ngeni tena katika nchi yetu. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua Taasisi ya Confucius mwaka wa 2005, na hiyo ilikuwa ya kwanza katika bara la Afrika. Hata upande wetu wa kaskazini-mashariki, Wachina walijenga karibu na Garissa mtambo wa kutoa umeme katika jua, wenye nguvu ya megawati 50, ambao ulifunguliwa Desemba 2019. Kwa hiyo nilipoanza kujifunza lugha yao jamaa zangu hawakushangaa sana. Waliuliza tu kama nitapata kazi.

Mwezi wa Agosti mwalimu wetu wa Kichina, mama mmoja mpole asiyepandisha sauti, alitutaka kila mmoja achore bango la sikukuu iitwayo Zhongqiu. Bango lililo bora lingetundikwa, tena lingepigwa picha na kusambazwa kwa intaneti, ili watu wa nchi nyingi wasioijua sikukuu hiyo wapate kuijua. Tulipewa majuma matatu. Mimi nilijiona nimekwisha kushinda, maana darasani hapakuwa na mtu mwingine aliyeshika kalamu ya kuchora kwa riziki.

Nilifanya kama wafanyavyo wengi wanaotaka kuonyesha kitu wasichokijua: nilikusanya kila nilichokisikia. Nilichora joka jekundu likizunguka ukingo wote wa karatasi. Nilichora Ukuta Mkuu wa China juu ya milima, na taa za karatasi kumi na mbili. Nilichora sungura, bibi mwenye kanzu ndefu akipaa, mkate wa duara, maua, na herufi za dhahabu. Chini niliandika maelezo ya mistari kumi na minne kwa herufi ndogo. Kazi hiyo ilinichukua siku tisa, na nilipoimaliza niliipenda sana.

Kijana mmoja wa Kisumu niliyekuwa nikilala naye chumba kimoja aliitazama, akaniuliza, "Hoteli hii iko mtaa gani?"

Nilikasirika. Nilidhani ananidhihaki, kumbe alikuwa akiuliza kwa kweli. Alikuwa ameona joka na rangi nyekundu, akafikiri nimepewa kazi na mwenye hoteli ya chakula cha Kichina. Kesho yake nilimpelekea mwalimu. Yeye hakucheka. Alilitazama bango langu kwa adabu, akaanza kuyahesabu yaliyomo kwa kidole. Joka, alisema, ni mnyama wa fahari, lakini watu wa kwao humkumbuka zaidi siku ya Mwaka Mpya na siku ya mashindano ya mashua. Ukuta Mkuu hauna neno na usiku huu. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitazamia: "Wako wapi watu?"

Ni kweli, msomaji. Katika karatasi yote ile mlikuwa na bibi mmoja tu akipaa mbinguni, naye ni wa hadithi. Hapakuwa na mtu wa duniani hata mmoja.

Mwalimu akanikalisha, akanieleza. Usiku wa siku ya kumi na tano ya mwezi wa nane, kwa hesabu ya Wachina, mwezi huwa mpevu, na mavuno huwa yamekaribia au yamekwisha. Jamaa hurudi nyumbani. Huketi pamoja uani, huutazama mwezi, na hula mikate ya duara iitwayo yuebing, yaani mikate ya mwezi, ambayo hutiwa ndani mbegu za yungiyungi zilizosagwa, na pengine kiini cha yai la chumvi kilicho mviringo kama mwezi wenyewe. Uduara ule ndio maana ya sikukuu, kwa kuwa kwao duara ni alama ya jamaa iliyotimia. Tangu mwaka wa 2008 siku hiyo ni siku ya mapumziko kwa taifa zima la China. Wakorea nao wana sikukuu yao, Chuseok, usiku huo huo, na Wavietnamu wana yao, ambayo zaidi ni ya watoto na taa.

Kisha alinieleza juu ya bibi yake mzaa mama. Bibi huyo alikuwa akiukata mkate mkubwa vipande kwa idadi ya jamaa wote, waliopo na wasiokuwapo. Aliyekuwa safarini aliwekewa kipande chake. Mwalimu alipokuwa akisoma mbali na kwao, alijua kuwa usiku ule kiko kipande juu ya sahani ambacho hapana mtu atakayekigusa mpaka kesho yake. Alisema hayo kama mtu asemaye bei ya nyanya, kisha akageuka kufuta ubao.

Sikulala usiku ule, na sababu yake si bango. Nina kaka yangu. Tangu Oktoba 2020 hadi mwisho wa mwaka wa 2022 misimu mitano ya mvua ilipita kwetu mfululizo bila mvua ya kutosha. Kama hukuwako, siwezi kukuonyesha kwa maneno jinsi njia za Wajir zilivyokuwa, na mizoga pande zote mbili. Mifugo yetu ilikufa, wakabaki ngamia jike wawili. Mmoja kaka yangu alimwuza ili nilipiwe karo ya Nairobi. Wa pili alikufa. Baada ya hapo kaka alisema kuwa mwanamume hawezi kukaa akingojea mawingu, akaondoka kwenda Afrika Kusini kutafuta kazi ya dukani, kama walivyokwenda vijana wengi wa kwetu. Alipiga simu mara tatu. Mara ya mwisho ilikuwa Novemba 2022, kisha simu yake haikupatikana tena. Nyumbani jina lake halikutajwa mbele ya bibi yetu, isipokuwa yeye mwenyewe alitaje.

Basi kile kipande cha mkate juu ya sahani kilinikaa kifuani.

Nilipoanza upya nilijiuliza swali ambalo kila mchoraji wa mabango hana budi kujiuliza: huyu nitakayempa habari, amekwisha kuwa na nini? Maana mtu hapokei kitu kigeni kwa mikono mitupu. Hukipokea kwa kukilinganisha na cha kwao. Mfano wa jambo hili umo katika historia ya pwani yetu. Mwaka wa 1415 twiga aliyetoka Malindi alifikishwa mbele ya mfalme wa China. Wachina hawakuwa wamemzoea mnyama wa namna hiyo. Wakamwita qilin, mnyama wa baraka wa hadithi zao, ambaye husemwa kuwa huonekana zama za mtawala mwema. Wako wataalamu wanaodhani kwamba jina hilo lilichaguliwa pia kwa kuwa linakaribiana kwa sauti na neno la Kisomali la twiga, yaani geri. Sisi wa Wajir twamjua geri. Huvuka njia mbele ya magari, na ngozi yake ina mistari kama wavu. Fikiri basi: mnyama wa kwetu alipofika ugenini, wenyeji walimpatia mahali katika hadithi zao wenyewe, na kwa mlango huo akaingia.

Mimi nilitakiwa kuwafungulia watu mlango kama huo, wao wakiwa upande wa pili.

Nilianza na hadithi ya bibi anayepaa, kwa kuwa mtoto wa Griftu angeielewa upesi kuliko mtoto wa London. Husimuliwa kuwa zamani jua zilikuwa kumi. Zikatoka zote kwa pamoja, dunia ikaungua, mazao yakakauka. Mpiga upinde mmoja, Hou Yi, akazitungua tisa akaacha moja. Kwa ushujaa wake alipewa dawa ya kuishi milele, lakini mkewe, Chang'e, ndiye aliyeinywa, akawa mwepesi, akapaa mpaka mwezini, na mume akabaki chini akimtazama. Pamoja naye huko yuko sungura mwenye kinu na mchi, akitwanga dawa. Wachina huliona umbo la sungura huyo katika mabaka ya mwezi, na nakuhakikishia kwamba ukionyeshwa mara moja, hutaweza tena kutouona. Jua kumi! Niliposikia hayo niliukumbuka mwaka wa 2022, nikaona kuwa aliyeitunga hadithi hii alikuwa mtu aliyepata kuishi katika nchi yenye ukame.

Hata hivyo nilimwacha Chang'e. Hadithi ndefu haiingii katika bango. Mtu anayelipita bango hulitazama kwa muda wa hatua nne au tano, na katika muda huo hawezi kuambiwa juu ya upinde, dawa, mke, na sungura. Nilimbakiza sungura peke yake, mdogo sana, kama kivuli ndani ya mwezi, ili amjuaye afurahi, na asiyemjua asizuiwe njia.

Kisha likaja jambo la jina, nalo lilinitaabisha kuliko michoro. Maana ya Zhongqiu ni katikati ya majira ya kupukutika majani, na baadhi ya kamusi zetu huyaita majira hayo vuli. Basi nikaandika kwa Kiswahili, "Sikukuu ya Katikati ya Vuli". Rafiki yangu wa Kisumu akasoma akasema, "Ni sikukuu ya mvua?" Alikuwa na haki. Kwa msemaji wa Kiswahili vuli ni mvua, na kwetu Griftu mvua hizo za Oktoba hadi Desemba, tuziitazo Deyr, ndizo tunazozingoja kwa macho mekundu. Neno lile kwa Wachina ni ghala lililojaa, na kwetu ni bwawa kavu linalongoja. Nikalifuta. Nikajaribu "Mwezi wa Kumi na Tano". Hilo nalo lilikuwa baya zaidi, maana katika Kiswahili mwezi ni ule wa mbinguni na tena ni ule wa siku thelathini, kwa hiyo mtu angeuliza mwaka gani huo wenye miezi kumi na mitano. (Ajabu ni kuwa Wachina nao wanalo neno moja kwa yote mawili, yue. Sisi Wasomali tunayo mawili.) Mwishoni niliandika "Usiku wa Mwezi Mpevu", nikatosheka.

Hapa niseme neno juu ya hesabu, kwa kuwa najua utaniuliza. Sisi tukitaka kumsifu mtu kwa uzuri husema anang'aa kama mwezi wa kumi na nne. Kwa nini Wachina huitaja siku ya kumi na tano? Sababu ni kwamba mwezi wao huanza siku ile jua na mwezi vinapokutana mbinguni na mwezi hauonekani kabisa, nasi huanza pale mwezi mwandamo unapoonekana kwa macho, siku moja au mbili baadaye. Mwezi mpevu ni ule ule, ila wao wametangulia kuhesabu. Tena mwaka wetu wa Kiislamu una miezi kumi na miwili na siku 354 au 355, kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma kiasi cha siku kumi na moja kila mwaka wa jua. Wachina huongeza mwezi mzima mara saba katika miaka kumi na tisa, na kwa hivyo sikukuu yao haitoki Septemba au mwanzo wa Oktoba. Mwaka wa 2023 iliangukia tarehe 29 Septemba, siku moja au mbili tu baada ya Maulidi, katika Mfungo Sita. Watu wa Lamu na watu wa Beijing walikuwa chini ya mwezi mmoja majuma hayo, kila mmoja akiwa na shughuli yake.

Nilikuwa nimefika hapo katika kazi yangu nilipokwenda Eastleigh kumwamkia ami yangu, mwenye duka la vitambaa. Kwetu ami humwita mtoto wa nduguye kwa jina lile lile analoitwa yeye, yaani adeer. Akaniambia, "Adeer, nasikia unawachorea watu sikukuu ya kuabudu mwezi."

Sikuwa na jibu lililo tayari. Nilijua kwamba zamani wafalme wa China walikuwa wakiutolea mwezi sadaka, na kwamba hata leo ziko nyumba zinazoweka meza ya ubani na matunda uani usiku ule. Nikamwambia kuwa kumwarifu mtu juu ya jambo si kumwita alifanye, na kwamba watu wengi wa China hivi sasa huketi tu wakala wakaongea. Nikamwambia pia kuwa China wako Waislamu, nao hula mikate hiyo ikiwa haikutiwa mafuta ya nguruwe, maana mingine hutiwa. Ami alisikiliza. Akasema, "Basi usiseme uongo wa pande zote mbili," akaendelea kupima kitambaa.

Maneno yake yalinirudia usiku. Meza ya ubani sikuichora. Nilijiambia kuwa nafasi haitoshi, na ni kweli haikutosha. Lakini hata leo sijui kama niliiacha kwa sababu ya nafasi au kwa sababu ya ami. Wewe ukichora sikukuu ya wengine utakutana na meza kama hiyo, ambayo kwako ni nzito na kwao ni nyepesi, au kinyume chake.

Sasa nikueleze bango lenyewe. Karatasi niliipaka rangi ya buluu nzito, ile ya mbingu ya Griftu saa tatu usiku. Mwezi sikuuweka juu ambapo kila mtu huuweka. Nilichora meza ya mviringo kama inavyoonekana na mtu aliye juu ya mti, rangi yake njano iliyopauka, ikishika zaidi ya nusu ya karatasi. Kwa mbali mtazamaji angesema ni mwezi, na akikaribia angeona kuwa ni meza. Kuizunguka waliketi watu saba: mzee, watoto, mama mwenye mtoto mchanga, na kadhalika, wote wakionekana vichwa na mikono tu, hata usiweze kusema kwa yakini ni watu wa nchi gani. Mbele ya kila mmoja palikuwa na bakuli. Mabakuli yalikuwa manane. Katikati ulikuwapo mkate, na vipande saba vimeondolewa. Kipande cha nane kilibaki mahali pake, na kigoda cha nane kilikuwa kitupu.

Nyekundu niliitumia mahali pamoja tu, katika bakuli lile la nane. Kwa Wachina nyekundu ni rangi ya heri. Nilikuwa nimekusudia kigoda kiwe cheupe, mwalimu akanizuia, kwa sababu nyeupe kwao ni rangi ya msiba, na mtazamaji wa Kichina angesema kuwa huyo wa nane amekufa. Nilimshukuru kwa moyo wote. Sikutaka mtu yeyote, wa nchi yoyote, aseme hivyo mbele ya picha ile.

Herufi zilikuwa chache: mbili za Kichina, kubwa, na chini yake jina la Kiswahili na tarehe. Mistari kumi na minne ya maelezo niliitupa yote. Kisha nililigeuza bango miguu juu kichwa chini, nikasimama mwisho wa ukumbi na kufumba macho nusu, kama tulivyofundishwa, nione kama bado umbo moja linashinda mengine. Lilishinda.

Nakiri kwamba nilisitasita kabla ya kulipeleka. Niliona haya. Nilitumwa kuwapasha watu habari za sikukuu ya Wachina, nami nimechora kigoda cha kaka yangu. Je, si wizi kuichukua furaha ya wengine ukaivika huzuni yako? Nilimwuliza mwalimu bila kumficha neno. Akanijibu kwa kunipa habari ya mshairi wao, Su Shi, ambaye usiku wa sikukuu hiyo, mwaka wa 1076, aliandika shairi akimkumbuka ndugu yake mdogo ambaye hawakuonana kwa miaka mingi. Katika mashairi yote ya usiku ule, alisema, hilo ndilo ambalo watoto wa China hulijua zaidi. Hakuongeza neno. Nami nikalipeleka bango.

Lilitundikwa. Halikuwa la kwanza. La kwanza lilikuwa la msichana mmoja aliyechora taa moja tu ndani ya dirisha, nalo, nikisema haki, lilikuwa zuri kuliko langu. Lakini picha ya langu nayo ilisambazwa, na kwa majuma kadhaa walinijia watu nisiowajua. Mwanafunzi wa Sudan alisimama mbele yake kitambo, kisha akauliza kama anaweza kupata nakala. Nilimpa. Hakusema ni ya nani.

Mvua za Deyr za mwaka ule zilikuja kwa gharika baada ya ukame wote ule. Mto Tana ulifurika, na Novemba barabara ya kuingia Garissa ilikatika kwa maji, kwa hiyo sikuweza kwenda nyumbani mpaka Januari 2024. Nilikuwa na nakala moja ya bango, nimeikunja ndani ya bomba la plastiki. Nilimkuta bibi yangu mbele ya nyumba yake, ambayo ni aqal ya zamani, ya miti iliyopindwa na kufunikwa mikeka. Hajapata kuingia shule hata siku moja. Hajui kuwa iko nchi iitwayo China, ila kwamba baadhi ya vyombo vyake vya plastiki vimetoka huko.

Nililikunjua bango juu ya mkeka, sikumwambia neno. Nilitaka kuona. Aliinama, akaweka kidole juu ya meza, akasema ni mwezi. Akakisogeza kidole akasema, "La, ni sinia." Akaanza kuhesabu vichwa kwa sauti ndogo, kisha akahesabu mabakuli. Alipofika katika bakuli jekundu kidole kilisimama.

"Ayeeyo," akaniita, kwa jina lile lile ninalomwita mimi. "Huyu mmoja yuko wapi?"

Nilimwambia kuwa ni sikukuu ya watu wa mbali, na kwamba wao humwekea chakula aliye safarini. Akauliza, "Nao pia wana wasiopiga simu?" Nikamwambia wanao. Aliitikia kwa kichwa, akakaa kimya muda mrefu kiasi cha kunywa chai. Kisha akasema niandike jina.

Nilikwenda kutafuta kalamu kwa jirani. Niliporudi alikuwa bado ameweka kidole pale pale, kama mtu anayeogopa kupotewa na ukurasa. Niliandika jina la kaka yangu kwa herufi ndogo juu ya kigoda kitupu, katika nakala ile moja tu, naye akanitazama nikiandika ingawa hawezi kusoma. Halafu alitaka bango litundikwe ndani. Aqal haina ukuta ulionyooka wala misumari. Tulilifunga kwa kamba katika miti minne, nalo likapinda pamoja na nyumba, hata ile meza yangu ikawa na kina kidogo, kama bakuli.